Jiwe la Mazeras: namna ya kulichagua, kulilaza na kulitunza

Anayeshuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara hupita Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, kisha Mazeras. Majina hayo manne ndiyo ambayo wanajiolojia waliyapa matabaka ya kundi la miamba liitwalo Duruma, na mpangilio wake ni uleule wa safari: tabaka la kale zaidi liko upande wa bara, na lililo changa zaidi liko karibu na pwani. Sehemu kubwa ya miamba hiyo ni jiwe la mchanga, yaani mchanga uliotua tabaka juu ya tabaka katika zama za kale, ukagandamizwa na uzito wa ule uliokuja juu yake, na ukashikanishwa na madini mpaka ukawa jiwe. Katika mawe ya Mazeras hupatikana hata vipande vya miti iliyogeuka jiwe, na pete zake za ukuaji bado zinaonekana.

Mji wa Mazeras uko kilomita 20 hivi kutoka Mombasa, mpakani mwa kaunti za Kilifi na Kwale, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 inaupitia. Katika biashara ya ujenzi, hata hivyo, jina hilo limepanuka: jiwe lolote bapa la mchanga litokalo katika matimbo ya ukanda huo huitwa Mazeras, hata kama limechimbwa mbali na mji wenyewe. Mnunuzi asilichukue jina kuwa dhamana ya ubora. Matimbo mawili yaliyo jirani yanaweza kutoa jiwe gumu lenye chembe zilizobanana na jiwe laini linalomomonyoka kwa ukucha, na yote mawili yakauzwa kwa jina moja.

Katika kazi ninazozifahamu, jiwe hili halijashindwa na jua wala na uzito wa gari. Linaloliangusha ni maji: yale yanayoingia kati ya matabaka yake, yale yanayofungiwa chini yake, na yale yanayopanda kutoka ardhini yakiwa yamebeba chumvi. Karibu kila hatua ya mwongozo huu, kuanzia kwenye timbo hadi kwenye ufagio wa kila wiki, inahusu kuyapa maji hayo njia ya kutokea.

Jiwe hili linafaa wapi

Wakazi wa pwani walijenga kwa matumbawe karne nyingi kabla ya jiwe la Mazeras kupata soko. Fort Jesus, ngome ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa matumbawe na kuta zake ni za matumbawe na chokaa. Nyumba za Mji wa Kale ni vivyo hivyo. Jiwe la matumbawe hukatwa kwa urahisi kuwa tofali, kwa hiyo lilitwaa kazi ya kuta, na hadi leo ukuta wa kawaida wa pwani ni wa tofali za matumbawe. Jiwe la Mazeras lina tabia tofauti. Linapasuka kufuata matabaka yake na kutoa mabamba, na kwa sababu hiyo kazi yake ya asili ni kufunika: njia za bustani, maegesho ya magari, baraza, ngazi, ukingo wa bwawa la kuogelea, na ngozi ya nje ya ukuta ambao tayari umejengwa kwa kitu kingine.

Umaarufu wake una sababu za msingi. Uso wake una ukwaruzo wa mchanga, hivyo hauterezi unapolowa, tofauti na vigae vinavyong'aa. Rangi zake, zinazoanzia manjano ya maziwa, zikapitia kahawia na waridi hadi kijivu, ziko ndani ya jiwe lenyewe wala hazichujuki kwa jua. Tena lina uzito wa wastani, kiasi cha tani 2.3 kwa mita moja ya ujazo, hivyo watu wawili wanaweza kulibeba bamba kubwa bila winchi.

Kuna mahali ambapo singelishauri litumike. Bamba lake lisitumike kama kizingiti cha juu ya mlango au dirisha, kwa sababu jiwe la mchanga hustahimili kugandamizwa lakini hukatika upesi linapopindwa. Lisiwekwe pale ambapo mawimbi ya bahari hurusha maji kila siku: chumvi huingia katika vinyweleo, yaani matundu madogo sana ya jiwe, maji yanapokauka hugeuka fuwele, na fuwele hizo hutanuka na kuubandua uso wa jiwe kidogo kidogo mpaka unabaki unga. Kando ya bwawa lenye maji ya chumvi hatari ni hiyohiyo, ingawa ni ndogo zaidi. Na jikoni, juu ya meza ya kupikia, litanyonya mafuta siku ya kwanza.

Kulichagua kwenye timbo au kwa muuzaji

Katika matimbo mengi kazi hufanywa kwa mikono. Wachimbaji huondoa udongo wa juu, hutafuta mstari wa tabaka, hupigilia kabari na mitarimbo kwenye mstari huo, na bamba hunyanyuka likiwa zima. Tabaka za juu, ambazo zimekuwa zikinyeshewa na kupenyezwa na mizizi kwa muda mrefu, huwa laini na zenye nyufa, nazo ndizo hupelekwa sokoni kwa bei ya chini. Ukiweza kwenda timboni mwenyewe, tazama jiwe linatoka kina gani.

Nenda na nyundo ndogo, chupa ya maji na msumari. Simamisha bamba kwa ukingo wake, kisha uligonge katikati kwa nyundo. Jiwe zima hulia kwa sauti kali, karibu na ya kengele. Lenye ufa uliojificha au matabaka yaliyoanza kuachana hutoa mlio mfu, kama wa kugonga gunia. Kipimo hiki hakina gharama, lakini kifanye kwa mabamba mengi, si kwa yale mazuri matatu ambayo muuzaji ameyapanga mbele. Baada ya hapo mimina maji kidogo juu ya uso. Yakitoweka papo hapo kama yaliyomwagwa juu ya mchanga, jiwe hilo lina vinyweleo vingi na litakuwa makazi ya kuvu na uchafu. Yakikaa dakika moja au mbili kabla ya kufifia, lina ubanano wa kuridhisha. Hatimaye kwaruza ukingo kwa msumari: chembe chache zikidondoka si tatizo, lakini mfereji ukichimbika kwa urahisi, lirudishe.

Angalia ukingo wa bamba kwa makini kuliko uso wake. Ukingoni ndipo matabaka huonekana, na ukiona mistari myembamba ya udongo mfinyanzi au ya ulanga unaometameta, fahamu kwamba hapo ndipo jiwe litakapobanduka baada ya misimu kadhaa ya masika. Bamba linalong'aa kwa ulanga huvutia macho, nami nimeona wanunuzi wakilichagua kwa sababu hiyo hasa.

Unene unategemea kazi. Kwa ukuta, milimita 15 hadi 25 zinatosha. Kwa njia ya miguu juu ya zege, milimita 20 hadi 30. Kwa maegesho ya magari usishuke chini ya milimita 30, na kwa kanyagio za ngazi zinazochomoza mbele tafuta milimita 40 au 50. Jiwe linalopasuliwa kwa mkono halina unene mmoja, kwa hiyo mwambie muuzaji kiwango cha chini unachokubali na cha juu, na upime kabla lori halijaondoka. Vipande vilivyokatwa kwa mashine kuwa miraba au mistatili hugharimu zaidi, ila huokoa siku nyingi za fundi. Vile visivyo na umbo maalumu vina bei nafuu lakini vinadai mwashi mwenye jicho na subira.

Uliza pia mahali jiwe lilipotoka. Uchimbaji wa mawe nchini Kenya unahitaji vibali, vikiwemo vya mamlaka ya mazingira NEMA, na ukanda huu una misitu mitakatifu ya Kaya ya Wamijikenda, baadhi yake ikiwa imeorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Muuzaji mwenye timbo halali hana sababu ya kulikwepa swali hilo.

Hesabu kabla ya kuagiza

Wauzaji wengine huuza kwa eneo na wengine kwa uzito, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha bila kujua. Jiwe likiuzwa kwa tani, kila milimita ya unene usiyoihitaji unailipia. Tuseme una maegesho ya mita 6 kwa 10, yaani mita za mraba 60, na unataka jiwe la milimita 30. Mita moja ya mraba itakuwa na uzito wa kilo 69 hivi, na eneo lote litahitaji tani 4.1, ongeza asilimia 10 kwa ajili ya vipande vitakavyovunjika na kukatwa, ufikie tani 4.5. Muuzaji akikuletea jiwe la wastani wa milimita 45 kwa uzito uleule, litafunika theluthi mbili tu ya eneo lako. Kwa vipande visivyo na umbo maalumu ongeza asilimia 15 badala ya 10.

Kwa eneo hilohilo, tandiko la chokaa-saruji, yaani mchanganyiko wa saruji na mchanga, lenye kina cha milimita 40 kwa uwiano wa 1 kwa 4 litakula takriban mifuko 18 ya saruji ya kilo 50 na mita za ujazo 2.5 za mchanga. Zege la chini yake, lenye kina cha milimita 100 na uwiano wa 1:2:4 wa saruji, mchanga na kokoto, litahitaji mifuko mingine 40 hivi. Watu hushangaa kuona kwamba saruji inaweza kugharimu sawa na jiwe au hata kulizidi, kisha hujaribu kupunguza zege. Mahali pa kupunguza ni ukubwa wa eneo, wala si zege.

Mchanga uwe wa mto. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na chumvi hiyo itapanda ndani ya jiwe kila linapolowa na kukauka, ikiacha ukungu mweupe juu ya uso na baadaye kuubandua. Jaribu usafi wa mchanga kwa kuutia katika chupa angavu hadi nusu, kuongeza maji, kutikisa kwa nguvu na kuiacha chupa itulie kwa saa kadhaa: tabaka la tope litakalokaa juu ya mchanga likizidi asilimia 8 hivi ya kimo chake, mchanga huo uoshwe au ukataliwe.

Kitako

Mteja akilalamika kwamba jiwe lake limevunjika, mara nyingi kilichovunjika ni kitako, yaani msingi unaolibeba. Chimba mpaka upate ardhi ngumu. Pwani, palipo na mwamba wa matumbawe au mchanga mwekundu uliobanana, kina cha milimita 320 hadi 350 kutoka usawa wa mwisho kinatosha kwa maegesho. Katika sehemu za Nairobi na kwingineko bara zenye udongo mweusi wa pamba, shughuli ni nyingine kabisa: udongo huo huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka, na hakuna zege jembamba litakaloushinda. Uondolewe wote, au angalau mpaka kina ambacho mhandisi atakishauri, na nafasi yake ijazwe kifusi cha mawe na moramu.

Jaza mawe ya kifusi kwa kina cha milimita 150, yashindilie kwa mashine, tandaza moramu au vumbi la mawe ili kuziba matundu, nyunyizia maji na ushindilie tena. Ushindiliaji ufanyike kwa matabaka yasiyozidi milimita 150 kila moja. Mashine ndogo haiwezi kuifikia sehemu ya chini ya rundo la milimita 300, hata ipite mara kumi.

Mteremko uamuliwe hapa, kwenye kifusi, wala usisubiri kutengenezwa kwa kuongeza chokaa-saruji chini ya jiwe. Milimita 15 hadi 20 kwa kila mita moja zinatosha kuyaondoa maji bila jicho kuuona mwinamo. Eneo la mita 6 litashuka kwa milimita 90 hadi 120 kutoka ukutani hadi mferejini, na ni lazima literemke likitoka kwenye nyumba. Funga uzi kwenye vigingi pande zote, hakiki kwa pimamaji refu, na usiruhusu zege limwagwe kabla hujaona kwa macho yako kwamba uzi umeinama.

Zege la maegesho liwe na kina cha milimita 100 hadi 125, na ndani yake uwekwe wavu wa chuma, ule ambao mafundi huuita BRC, ukiwa umeinuliwa kwa vipande vya mawe ili usilale chini kabisa. Ligawanywe kwa mianya ya kutanukia kila baada ya mita 4 au 5, na mianya hiyo iendelee hadi juu kupitia mawe yenyewe. Jiwe likilazwa kwa kuvuka mwanya wa zege litapasuka kwenye mstari huohuo. Zege lilowanishwe kwa siku 7 mfululizo. Pwani wakati wa kaskazi, lifunikwe kwa magunia mabichi, kwa kuwa upepo hulikausha kabla halijapata nguvu.

Njia ya miguu bustanini haihitaji zege. Kifusi kilichoshindiliwa, kisha milimita 40 za mchanga wa chembe kubwa uliosawazishwa, vinatosha kubeba mabamba makubwa ya milimita 40, na mianya ikajazwa mchanga au nyasi. Binafsi naipenda njia hii kuliko ya zege, kwa kuwa maji ya mvua hushuka moja kwa moja ardhini na bamba lililozama linaweza kunyanyuliwa na kurekebishwa kwa dakika chache.

Kulaza

Mwaga mawe yote chini, yapange makavu kabla ya kuchanganya saruji, na uchanganye kutoka sehemu mbalimbali za lundo, kwa sababu lori moja huwa na rangi za matabaka tofauti. Ukilaza kwa kufuata mpangilio wa lundo utapata doa la kahawia upande mmoja na doa la manjano upande mwingine. Anza na vipande vikubwa kwenye kingo na mahali magari yanapopita, kisha ujaze katikati kwa vidogo. Vipande vidogo vikiachwa ukingoni hung'oka kwanza. Epuka pia pembe nne kukutana mahali pamoja na mwanya mrefu ulionyooka kupita mawe mengi, maana hapo ndipo ufa hupata njia.

Kata kwa tindo na nyundo panapowezekana. Ukingo uliovunjwa kwa mkono unapendeza kuliko uliokatwa kwa msumeno. Palipo na lazima ya mashine, mimina maji kwenye diski muda wote. Vumbi la jiwe la mchanga ni vumbi la kwatzi, madini magumu yanayounda chembe za mchanga, na likivutwa kwa miaka huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kitambaa kilichofungwa puani hakilizuii. Mkataji anahitaji barakoa inayochuja vumbi jembamba, na wengine wasimame mbali upande unakotoka upepo.

Siku ya kulaza, safisha zege na ulilowanishe bila kuacha madimbwi. Safisha mgongo wa kila jiwe kwa brashi, ulilowanishe pia, kisha upake uji mzito wa saruji ili lishike. Tandaza chokaa-saruji ya 1 kwa 4, nzito kiasi cha kushikana ukiifinya mkononi bila kutoa maji, kwa kina cha milimita 30 hadi 50. Weka jiwe, uligonge kwa nyundo ya mpira mpaka liguse uzi, kisha, angalau kwa mawe machache ya kwanza, linyanyue tena uone mgongo wake. Sehemu yoyote iliyobaki bila chokaa-saruji ni shimo, na shimo hilo litajaa maji. Mafundi wenye haraka huweka matonge matano chini ya bamba, manne kwenye pembe na moja katikati; bamba la namna hiyo litasimama vizuri mpaka gurudumu la kwanza likanyage kati ya matonge.

Kesho yake pita ukigonga kila jiwe kwa mpini wa mwiko. Linalolia tupu ling'olewe siku hiyohiyo, kabla saruji haijakomaa. Watu wasikanyage kwa siku 3, na magari yasiingie kabla ya wiki 3.

Mianya

Acha milimita 10 hadi 20 kati ya mawe yasiyo na umbo maalumu, na 8 hadi 10 kati ya yaliyokatwa. Kosa la kawaida hapa ni kumwaga uji wa saruji juu ya eneo zima na kuusukuma kwa ufagio. Kwa vigae vinavyong'aa hilo linawezekana. Kwa jiwe la mchanga, uji huo hupenya vinyweleo na kuacha utando wa kijivu usiotoka. Badala yake changanya saruji na mchanga laini kwa uwiano wa 1 kwa 3, mkavu kiasi, uushindilie ndani ya mwanya kwa mwiko mwembamba mpaka chini, kisha ulainishe kwa chuma cha mviringo ili uso wa mwanya ubonyee kidogo chini ya jiwe. Kilichodondoka juu ya jiwe kiachwe kianze kukauka, kisha kikwanguliwe. Ukikipangusa kingali kibichi utakisambaza.

Usijaribiwe kusafisha mabaki ya saruji kwa asidi ya haidrokloriki inayouzwa madukani kwa kazi za usafi. Kwatzi yenyewe haitadhurika, lakini gundi ya asili inayozishikanisha chembe inaweza kuwa na chokaa au chuma: ya kwanza itayeyuka na uso wa jiwe utapukutika, ya pili itatoa madoa ya kutu ambayo hakuna sabuni itakayoyaondoa.

Ukutani

Kuna namna mbili za kulivisha jiwe hili ukutani, na tofauti yake ni kubwa kuliko inavyoonekana siku ya kwanza. Katika namna ya kwanza, mabamba hubandikwa uso wake ukitazama nje, kama vigae vikubwa. Matabaka ya jiwe hapo yamesimama wima, sambamba na ukuta, na maji yakiingia kutoka juu hupenya kati yake na kuyabandua moja baada ya jingine. Katika namna ya pili, vipande vyembamba na virefu hulazwa kimoja juu ya kingine na ukingo wake ndio unaoonekana, hivyo matabaka hubaki yamelala kama yalivyokuwa timboni. Namna hii hutumia jiwe jingi zaidi na huongeza unene wa ukuta, lakini kwa ukuta wa nje unaopigwa na mvua ya kusi ningeichagua bila kusita.

Ukuta uliopigwa plasta laini ukwaruzwe kwa tindo au upigwe chapio, yaani mchanganyiko wa kurushwa ukutani, ya saruji na mchanga wa chembe kubwa, 1 kwa 2, iachwe siku 2 ipate meno. Anza chini, kwenye kitako imara cha zege au chuma, kwa kuwa jiwe la milimita 20 lina kilo 46 kwa kila mita ya mraba na haliwezi kuning'inia kwa gundi ya saruji peke yake ikiwa mbichi. Usipande zaidi ya mita 1 kwa siku. Vipande vinene, na ukuta wowote unaozidi kimo cha mtu kwa kiasi kikubwa, vifungwe kwa waya usioshika kutu uliotiwa kwenye mianya na kushikizwa ukutani. Jiwe lisizibe tabaka la kuzuia unyevu lililo kwenye msingi: likilivuka, litakuwa daraja la kupandishia maji ya ardhini hadi ndani ya nyumba. Juu kabisa weka kifuniko kinachochomoza milimita 40, chenye mfereji mdogo upande wa chini ili matone yadondoke badala ya kurudi ukutani.

Matunzo

Subiri angalau wiki 4 baada ya kuziba mianya kabla ya kupaka kitu chochote. Vanishi inayong'aa hupendwa sana kwa sababu hulipa jiwe rangi ya lililolowa, na kwa miezi michache mwenye nyumba hufurahi. Baadaye unyevu unaotoka chini hukosa njia, vanishi hufanya malengelenge meupe na kubanduka, na kabla ya hapo tayari imeondoa ule ukwaruzo uliokuwa unazuia watu kuteleza. Dawa inayofaa ni ile inayozama ndani ya vinyweleo bila kuweka utando juu, kwa kawaida yenye kemikali za silani au siloksani, ambayo huyakataa maji yanayotoka juu lakini huruhusu mvuke kutoka. Ijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki.

Usafi wa kawaida ni ufagio, maji na sabuni isiyo kali. Weusi unaojitokeza chini ya miti ni mwani na kuvu. Huondoka kwa dawa ya klorini iliyozimuliwa, brashi ngumu ya nailoni na kusuuzwa kwa maji mengi, lakini utarudi kila masika ikiwa kivuli na unyevu vimebaki. Mafuta ya gari yanyonywe mapema kwa udongo mfinyanzi mkavu uliosagwa, ulioachwa juu yake usiku kucha. Mashine ya maji ya shinikizo itumike kwa umbali, na isielekezwe kwenye mianya.

Hifadhi mabamba kumi au kumi na mawili ya shehena ile ile nyuma ya nyumba, nje, yanyeshewe na kuchomwa na jua pamoja na wenzake. Bamba likivunjika baada ya miaka mitano, kata mianya inayolizunguka kwa diski, livunje kuanzia katikati kuelekea kingo ili usiwaguse majirani zake, toa tandiko la zamani mpaka kwenye zege, lowanisha, na ulaze jipya kwa utaratibu uleule. La nyuma ya nyumba litakuwa na rangi inayolingana, ilhali jiwe jipya kutoka timboni litaonekana kama kiraka kwa misimu kadhaa.